Saa Nane za Usiku

Picha arobaini na moja,
na hakuna hata moja ya tumboni.
Ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, usukani,
kiti cha nyuma chenye manyoya ya mbwa,
tundu la kuchajia limefunuliwa
kama sikio la mtoto mbele ya daktari.
Lakini chini, kutu inakoanzia maneno yake,
kimya.

Nikamwandikia: Bwana Haglund,
mimi ni fundi wa mabasi ya shule, Kearney, Nebraska.
Miaka ishirini na sita nimelala chali chini ya vyuma.
Huko kwenu mnamwaga chumvi barabarani
kama watu wanaokausha samaki.
Nionyeshe chini.

Shemeji yangu Royce alicheka mpaka akakohoa.
"Unanunua mbuzi kwenye gunia,
na gunia lenyewe liko Minnesota!"
Tena chotara: nusu petroli, nusu umeme.
"Likizimika utaita fundi, au watu wa nguzo?"

Nyumbani hadi karakana ni maili tisa.
Tisa kwenda, tisa kurudi.
Betri ile, ikiwa nzima, hutoa ishirini na moja.
Sikuwa natafuta gari, Royce.
Nilikuwa natafuta hizo tatu zinazobaki.

Picha ya arobaini na mbili ilifika siku ya tatu.
Aliipiga akiwa amelala kwenye theluji;
pembeni imeingia ncha ya ndevu nyeupe,
na kidole gumba kimeziba nusu ya ekseli.
Kutu, ndiyo. Ya ngozi, si ya mfupa.
Nikatuma pesa kwa benki,
nikakesha tumbo likiniuma
kama niliyemeza funguo za mtu mwingine.

Saa kumi na saba ndani ya basi,
mkobani tochi, bisibisi, mkate wa siagi ya karanga.
Duluth, ziwa limefunga mdomo kwa barafu.
Mzee akanipa funguo mbili.
Mmoja mpya kabisa: "Huu wangu."
Mwingine umechakaa, herufi zimefutika: "Huu wa Marit."
Waya wa kuchajia ulikunjwa mikunjo iliyolingana,
ukafungwa kwa uzi mwekundu wa sufu.
Sikuuliza. Bei ilishakubaliwa,
na mnunuzi hana haki ya kila kitu.

Kwa baridi ile, ishirini na moja zikawa kumi na mbili.
Nilijua. Hesabu yangu ilikuwa ya mwezi Mei.
Kisha injini ikaamka chini ya miguu yangu
kama mpangaji wa ghorofa ya chini
aliyerudi zamu ya usiku na kuanza kupika.

Nyumbani, saa moja jioni, nikachomeka plagi.
Hakuna taa.
Nikapima soketi, nikapima fyuzi, nikapima waya wote
sentimita kwa sentimita,
nikamsikia Royce kabla Royce hajapiga simu.

Nikampigia mzee.
Alinyamaza hata nikadhani laini imekatika.
"Subiri saa nane," akasema. "Marit alilipangia hivyo.
Huku umeme hushuka bei saa nane za usiku.
Mimi sijui kulibadilisha."
Halafu, kana kwamba nimemdai risiti:
"Miaka miwili sasa. Linalia *ta* moja, basi, linaanza kula.
Nilikuwa naamka kabla yake."

Nikavuta kigoda gerejini.
Saa nane, sawasawa na neno lake: *ta.*
Taa ya kijani. Mvumo mdogo, kama wa jokofu la jirani.
Nilitaka kumpigia tena kumwambia,
nikakumbuka ni saa ngapi,
nikakumbuka huenda yu macho.
Sikupiga.

Kwetu hapa bei ya umeme haijui saa.
Kitabu cha gari kinasema ukitaka kufuta ratiba
unabonyeza mara nne.

Nimebonyeza mara tatu.